Kuacha ni kugumu kuliko kuanza: dripu, mpira wa pua na kitambaa cha maji kwenye wodi ya watoto

#1 Sista_wa_Usiku

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa 11 sasa. Wiki tatu zilizopita mwanafunzi aliniuliza swali nikashindwa kulijibu, na tangu siku hiyo natazama upya karibu kila ninachokifanya nikiwa zamu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Ilikuwa saa nane usiku. Mtoto wa miaka miwili, joto 39.4, parasetamoli ameshameza nusu saa iliyopita. Nikamwagiza mwanafunzi beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa tumfute. Tukaanza kifuani, tukashuka makwapani na mapajani. Hazikupita dakika tano mtoto akaanza kutetemeka, vinyweleo vimemsimama, analia ile sauti iliyokwisha kukauka, na mama yake amemshika mikono asijipinde. Mwanafunzi akaniangalia, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Sista, akitetemeka si ndiyo mwili unatengeneza joto jingine? Sasa tunamfuta kwa nini?"

Nikampa jibu nililopewa mimi nilipokuwa mwanafunzi: ndivyo tunavyofanya.

Asubuhi nilipotoka zamu sikulala, nikaanza kutafuta. Nikakuta suala hili lilishachunguzwa zamani. Kuna mapitio ya majaribio 7 yaliyochapishwa 2003, jumla ya watoto 467. Ukimfuta mtoto maji baada ya kumpa parasetamoli, joto linashuka haraka kidogo, lakini watoto wengi wanaofutwa hutetemeka na kusimamwa na vinyweleo. Yaani namba kwenye kipimajoto inatufurahisha sisi huku mtoto akiteseka. Waingereza waliandika kwenye mwongozo wao wa homa za watoto mwaka 2007 kwamba kufuta maji ya uvuguvugu hakupendekezwi. Na ile sababu tuliyokuwa tukiitegemea, kwamba tunazuia degedege, nayo haina mguu wa kusimamia: hata dawa za kushusha homa hazijaonekana kuzuia degedege la homa.

Miaka 11 nafuta watoto maji. Niliyekuwa namfundisha kufuta, leo anafundisha wengine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi. Nimejiuliza mbona mambo mengine mapya tuliyapokea mara moja. Artesuneti kwa mfano, ile sindano ya malaria kali. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu malaria kali kwa watoto wa Afrika, watoto 5,425 kwenye nchi 9, na Muheza yetu ilikuwa mojawapo ya vituo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza artesuneti kwa watoto, na baada ya muda boksi zikaanza kuingia stoo ya dawa. Leo hakuna anayebishana.

Miezi michache baadaye, Mei 2011, ukatoka utafiti mwingine unaoitwa FEAST. Huu ulifanyika kwetu kabisa: Kilifi kwa Wakenya, Muheza kwa Tanzania, na Uganda kwenye vituo vinne, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Kundi moja lilitundikiwa maji ya chumvi ya haraka, yale tunayoita bolasi. Kundi la pili lilipewa albumini ya haraka, maji yenye protini ya damu. La tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, lilipewa maji ya kawaida ya kumtosheleza mtoto, pamoja na dawa, oksijeni na damu kama makundi mengine. Watu walidhani wanajua kundi lipi litafanya vizuri. Kufikia saa 48, waliokufa kwenye makundi ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.5 (maji ya chumvi) na 10.6 (albumini). Kwenye kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea.

Hapo nilisoma mara mbili. Kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walikufa. Na kuna kitu kinauma zaidi: baada ya saa moja, waliopewa maji ndio walioonekana nafuu. Mikono ilipata joto, rangi ya kucha ukiibonyeza ikarudi upesi. Muuguzi aliyesimama pale kwa saa moja angeapa kwamba maji yamemsaidia mtoto. Kumbe kifo kilikuja baadaye, mara nyingi moyo na mzunguko wa damu ukishindwa ghafla, na aliyetundika chupa huenda alishakabidhi zamu na kuondoka.

Ndiyo maana nasema uzoefu wetu wa macho hautoshi. Siudharau, nimeishi nao. Ila tofauti ya watoto watatu kwa mia hakuna jicho la muuguzi mmoja linaloweza kuiona. Inahitaji watoto elfu tatu wahesabiwe kwa utulivu.

Mwaka 2016 WHO ilibadili mwongozo wa dharura za watoto. Mtoto mwenye homa asiitwe yuko kwenye mshtuko wa mzunguko wa damu mpaka awe na dalili zote tatu kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, rangi ya kucha kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mapigo dhaifu yaendayo mbio. Akiwa na moja au mbili, maji ya haraka asipewe. Akiwa na zote tatu, apewe ml 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, huku anaangaliwa.

Basi niambieni wakuu, wodini kwenu hali ikoje? Kwetu mtoto akifika na homa na mikono ya baridi, chupa inatundikwa kabla hata hajapimwa uzito.

Nimefikia kuamini hivi: ushahidi unaosema "anza" unakuja na boksi. Kuna dawa, kuna gari la kuileta, kuna semina, kuna bango ukutani. Ushahidi unaosema "acha" hauna boksi. Hakuna anayekuletea kitu ambacho hutakiwi kukifanya. Unabaki mkononi mwa muuguzi, saa nane usiku, na beseni lipo pale pale.

#2 Kwinini_Zamani

Mwanangu, umenigusa. Mimi nimestaafu, niliingia kazini 1984.

Kijana wa leo hajui kwinini ilikuwa kazi gani. Dozi ya kwanza ni dripu ya saa nne. Unahesabu matone kwa saa ya mkononi, kwa sababu ikikimbia unaweza kusimamisha moyo wa mtoto. Sukari inashuka, unapima, unaongeza glukosi. Mtoto akizinduka anashika masikio, yanavuma. Ukiwa na watoto sita wa kwinini kwa usiku mmoja, huketi. Ilipokuja artesuneti, unachanganya kichupa, unachoma, umemaliza, unarudi baada ya saa 12. Hakuna aliyetubembeleza kubadilika.

Kwa hiyo nakuongezea: boksi lilikuja, sawa, lakini pia lilitupunguzia mzigo. Ingekuwa artesuneti inachukua saa nane, ningependa kuona kama tungeipokea upesi hivyo.

Na kuhusu dripu, usisahau kwamba kwa macho ya watu kutundikiwa maji ndiyo kutibiwa. Mama akiona chupa imening'inia moyo unatulia. Sisi pia. Nilikuwa nikitembea wodini usiku nikiona chupa zote zinadondoka, najisikia nimefanya kazi.

#3 Dkt_Mikoani

Sista, hongera kwa uzi. Naomba niweke jambo moja mapema kabla mtu hajatoka hapa akaenda kunyima mtoto maji.

FEAST haikuhusu watoto wanaoharisha. Waliondolewa kwenye utafiti tangu mwanzo, na wenye utapiamlo mkali pia, na walioungua moto. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta inarudi polepole, hawezi kunywa, huyo ni Mpango C, yaani matibabu ya aliyeishiwa maji sana, na anahitaji maji ya mshipa bila kuchelewa: ml 100 kwa kilo. Chini ya mwaka mmoja, ml 30 kwa kilo ndani ya saa ya kwanza na 70 ndani ya saa 5 zinazofuata. Zaidi ya mwaka mmoja, ml 30 ndani ya nusu saa, 70 kwa saa mbili na nusu. Kipindupindu kikiingia, maji ndiyo uhai wenyewe.

Mwenye utapiamlo mkali ana njia yake peke yake, msichanganye.

Nasema hivi kwa sababu nimeona ushahidi ukigeuka tetesi. Mtu anasikia "maji yanaua watoto", basi. Ukiulizwa utafiti unasemaje, uliza kwanza ulifanywa kwa watoto gani.

#4 Sista_wa_Usiku

Daktari, ahsante sana, na naomba kila anayesoma uzi huu asome hiyo #3 kabla ya kuendelea. Nilipaswa kuiandika mwenyewe kule juu.

#5 MamaPacha

Mimi si mtu wa afya, ni mama tu, naomba niulize kwa sababu naona hapa mnaongea ukweli.

Mwaka jana mwanangu alikuwa na miezi saba, nimonia. Walitaka kumweka kanula, kile kibomba cha kwenye mshipa, sista akaniambia "mama toka nje". Nikatoka. Wakamviringisha kwenye kanga yangu, wawili wakamshika, nasikia analia mpaka anakosa pumzi. Dakika kama ishirini. Nilipoingia alikuwa na alama tatu za sindano, na aliponiona aligeuza uso. Miezi saba, akageuza uso. Sijaisahau.

Hilo nalo lina ushahidi, au ndivyo mnavyofanya?

#6 Sista_wa_Usiku

MamaPacha, dada yangu, pole sana. Sitatetea.

Lina ushahidi, na unaelekea upande wako. Mwaka 2015 WHO ilitoa maelekezo ya kupunguza maumivu ya watoto wakati wa chanjo: mtoto ashikwe na mzazi wake, asilazwe chali akabanwa, na anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla. Kunyonya kunapunguza kilio na dalili za maumivu, hilo limepimwa mara nyingi. Kwa kanula ni hivyo hivyo pale inapowezekana, mkono mmoja unatosha kubaki nje ya kanga.

Kwa nini tunawatoa? Nitasema ya kwangu. Ninaogopa kukosa mshipa mbele ya mama. Nikikosa mara ya kwanza jasho linanitoka, na macho ya mama yanakuwa mazito mgongoni. Tunasema mama atazimia, mama atalia, mama atavuta mkono. Wachache hufanya hivyo. Wengi, wakiambiwa cha kufanya, ndio wasaidizi bora kuliko mtu yeyote aliyemo wodini.

Na hapa kuna jambo linanisikitisha. Uingereza, mpaka miaka ya 1950, wazazi wengi waliruhusiwa kumwona mtoto hospitalini kwa saa chache tu kwa wiki. Ilihitaji kamati ya serikali, ripoti ya Platt ya mwaka 1959, kupendekeza waruhusiwe kuwa na watoto wao. Kwetu mama analala na mwanawe kitanda kimoja tangu zamani. Tulikuwa nacho tayari kile wenzetu walichokuja kukipigania. Halafu dakika mtoto anapomhitaji mama kuliko zote, sisi tunamtoa nje.

#7 Zamu3

Samahani, nitasema lisilopendeza.

Sisi tuko wauguzi wawili, watoto 43, zamu ya usiku. Kipima oksijeni kimoja na betri yake ni ya kubahatisha. Mtu ananiambia nisome majarida, nipime rangi ya kucha kwa sekunde, nimnyonyeshe mtoto ndipo nimchome. Saa ngapi? Ushahidi ni wa watu wenye muda. Waletwe wauguzi kwanza, ndipo tuongee habari za tafiti.

#8 Sista_wa_Usiku

Zamu3, hujasema vibaya hata kidogo. Wodi yangu ni kama yako.

Kuna sehemu nakubaliana nawe moja kwa moja. Watoto wa FEAST, makundi yote matatu, waliangaliwa kwa karibu mno kuliko tunavyoweza. Mtu akiniambia "usimpe maji, mwangalie", hilo neno "mwangalie" ni muuguzi mzima kando ya kitanda. Anayeandika mwongozo bila kuhesabu wauguzi ameandika nusu.

Ila tazama upande wa pili. Kumfuta mtoto mmoja maji ni dakika 15, watu wawili. Usiku wenye watoto kumi wa homa, hizo ni saa mbili na nusu zimekwenda kwenye kitu kisichomfaa mtoto. Dripu isiyotakiwa inakuhitaji kuihesabu, kuifungua ilipoziba, kutafuta mshipa mwingine mkono ulipovimba. Mambo ya "acha" yanarudisha muda. Kwa wodi maskini ndiyo ushahidi wenye faida kuliko wote, na ndio tunaoupata mwisho.

Na si kila kilicho bora kinahitaji mashine. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya njia ya kangaruu kwa watoto wachanga wadogo, wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Nchi tano, Tanzania ikiwemo, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto 3,211. Zamani tulisubiri mtoto atulie kwanza ndipo awekwe kifuani kwa mama. Hawa waliwekwa mara baada ya kuzaliwa. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, na kwa wale waliosubirishwa ni 15.7. Mwaka 2022 WHO ikaubadili mwongozo. Kinachotakiwa ni kitanda cha mama ndani ya chumba cha watoto wachanga, na sisi kuacha kumwambia akasubiri wodi ya wazazi. Nalo ni "acha" pia.

#9 NesiMwambao

Hamjambo. Mimi niko Kenya, pwani. Nimesoma uzi wote na nataka kuchangia kuhusu semina.

Huku kwetu kuna mafunzo ya dharura za watoto, ETAT+, siku tano na zaidi kidogo, yanaendana na kile kitabu kidogo cha wizara cha matibabu ya watoto. Mafunzo mazuri sana, mimi mwenyewe nimepitia. Lakini wapo waliouliza: je, semina peke yake inatosha? Wakachukua hospitali 8 za wilaya. Nne zilipewa miongozo, mafunzo kamili, mtu wa hospitali hiyo hiyo wa kusukuma mambo, ziara za usimamizi na kuonyeshwa matokeo yao uso kwa uso. Nne nyingine zikapewa miongozo, semina fupi na ripoti ya maandishi. Baada ya miezi 18 zile nne za kwanza zilikuwa mbele waziwazi. Matokeo yalichapishwa 2011.

Kwa hivyo sista, mwanafunzi wako na wewe mkikaa wodini, mkarudia jambo moja kila siku, mnafanya kilekile kilichosaidia kwenye hospitali hizo. Ripoti ya maandishi inakwenda kabatini. Mtu aliyeko kazini na wewe ndiye anayekukumbusha.

Kitu kingine, wauguzi huku tulijifunza kusema na daktari kwa kutumia ukurasa. Ukimwambia "nafikiri" anakuuliza wewe nani. Ukifungua kitabu cha wizara ukaweka kidole kwenye mstari, mnaongea kitabu.

#10 Mwanafunzi_Uuguzi

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi si yule mwanafunzi wa sista, niko chuo kingine. Nina swali la mpira wa kulishia wa puani. Tumefundishwa kuchomeka, kuvuta hewa kwenye bomba la sindano, kupuliza na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu. Kwenye video ya nje nimeona wanasema hiyo imepigwa marufuku. Ni kweli?

#11 Sista_wa_Usiku

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, na nitakusimulia kwa nini nalijibu hili kwa uchungu.

Mwaka wangu wa nne kazini, hospitali nyingine si hii. Mtoto wa miezi tisa, amechoka, hanyonyi. Nikapima mpira kama nilivyofundishwa, puani hadi sikioni hadi chini ya kifua. Nikauingiza. Hakukohoa. Nikapuliza hewa, nikasikia vizuri kabisa ile "bwu" chini ya mbavu. Nikafunga plasta, nikaanza kushusha maziwa. Hazijafika ml 10 nikaona puani kunafunguka na kufumba, kipimo cha oksijeni kinatoka 96, 90, 84, 81. Nikakunja mpira, nikauvuta, nikamgeuza. Maziwa yaliingia pafuni. Alikaa kwenye oksijeni siku nne. Aliishi. Mama yake alinishukuru siku anatoka, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Ile sauti nilisikia kweli. Tatizo ni kwamba hewa ikipulizwa pafuni, kifua cha mtoto ni kidogo, sauti inasafiri, unaisikia tumboni. Kukosa kukohoa nako si dalili ya usalama, mtoto aliyechoka sana hakohoi. Uingereza walitoa tahadhari ya kitaifa Februari 2005: njia ya kupuliza hewa isitumike tena. Kinachotakiwa ni kuvuta majimaji ya tumboni na kuyapima asidi kwa karatasi ya pH. Ikiwa 1 hadi 5.5, uko tumboni. Usipopata majimaji au ukiwa na shaka, picha ya eksirei. Na urefu kwa mtoto upimwe puani, sikioni, hadi katikati ya ncha ya mfupa wa kifua na kitovu, kwa sababu kile kipimo cha zamani mara nyingi kinaishia juu mno.

Baadaye niligundua kwamba tahadhari hiyo ilikuwa imetoka miaka mingi kabla ya usiku ule. Haikunifikia.

Hapa ndipo nairekebisha kauli yangu ya #1. Hili "acha" haliwezi kusimama peke yake. Ukimnyang'anya muuguzi bomba la hewa, lazima umpe karatasi ya pH mkononi. Bila hivyo ataendelea kupuliza, na simlaumu, mtoto ana njaa.

#12 Maabara_Kwanza

Kabla hamjaja kutuomba: vile vijiti vya kupimia mkojo msivitumie kwa kazi hiyo. Pedi yake ya pH inaanzia 5. Mnahitaji karatasi inayosoma kuanzia 1 au 2 na yenye kutenganisha 5 na 5.5 na 6 waziwazi. Na karatasi ya litmasi ya bluu haitoshi, inasema asidi ipo au haipo, haisemi ni kiasi gani. Agizeni karatasi yenyewe kwa jina, pH 0 hadi 6, muuzaji wa vifaa vya maabara anaielewa. Itunzwe kwenye chombo kikavu, unyevu unaiharibu.

#13 Kwinini_Zamani

Nilipuliza hewa miaka thelathini. Nimekaa kimya tangu jana baada ya kusoma #11. Ahsante mwanangu kwa kuandika.

#14 Zamu3

Sista, nimehesabu jana usiku. Watoto 12 wenye homa, hatukumfuta hata mmoja. Tulipata nafasi ya kupima mapigo na pumzi za wale wanne mahututi mara tatu. Kwa kawaida tunapima mara moja. Nimeona niseme.

#15 Sista_wa_Usiku

Wakuu, nimerudi na taarifa, wiki mbili baadaye.

Matroni amekubali tuanze na jambo moja kwa mwezi, si yote. Mwezi huu ni mama kubaki wakati wa kanula. Karatasi za pH zimeandikwa kwenye maombi ya robo ijayo, kwa maelezo yale ya Maabara_Kwanza neno kwa neno. Mpaka zifike tumekubaliana mpira mpya haupitishiwi maziwa bila daktari kuujua, na tunaupiga alama ya kalamu puani ili tuone kama umesogea kabla ya kila mlo. Zamu mbili zimegoma. Mmoja wa dada zangu wakubwa kazini aliniambia amelea watoto wengi kuliko tafiti zangu. Sikubishana naye. Nilimwomba tu aketi nami mama mmoja akinyonyesha wakati naweka kanula. Mara ya kwanza nilikosa mshipa. Mara ya pili nikapata, mtoto aliachia ziwa akalia, akalirudia. Dada hakusema kitu, lakini jana nilimkuta anamwambia mama mwingine, "kaa hapa, mpakate."

La mwisho ni la juzi. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu, kilo 12, malaria, kiwango cha damu (hemoglobini) 4.1, mikono ya baridi. Daktari kijana akaandika maji ya chumvi ml 240 ya haraka. Nikapima: rangi ya kucha inarudi kwa sekunde 2, mapigo yana kasi lakini yamejaa. Dalili moja kati ya tatu. Nikafanya alivyosema NesiMwambao, nikafungua mwongozo kwenye simu nikaweka kidole kwenye mstari. Alisoma kimya, akarudia kusoma, akakata ile amri. Tukachoma artesuneti, tukakimbiza sampuli ya damu maabara. Bibi yake mtoto aliuliza mara mbili, "Sista, mbona hamumtundikii maji mjukuu wangu?" Nikamwambia anachohitaji ni damu, inakuja, na mimi nitakuwa hapa namhesabia mapigo kila nusu saa. Damu iliingia saa nane na robo.

Asubuhi alikunywa uji. Sisemi kwamba amepona kwa sababu hatukumpa maji. Huenda angekunywa uji hata tungempa, mtoto mmoja haonyeshi kitu, ndiyo maana walihesabiwa elfu tatu. Nimeandika kwenye faili lake: saa 6:40 usiku, maji ya haraka hayakutolewa, dalili moja kati ya tatu, mapigo 148, amri imebadilishwa na daktari wa zamu. Aliyeipokea zamu asubuhi aliusoma mstari huo kwa sauti kitandani, mbele ya bibi.